Inzi Puani pa Mtunzi

Mtunzi wa bendi yetu ya roki huongoza mazoezi kwa mwiko wa jikoni, na mkewe ameshachoka kuudai. Husema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, hata anapotuagiza tupige chafya sote pamoja katikati ya ubeti, na tukizipiga ovyo hutuanzisha upya. "Utani nao una mapigo yake, jamani." Lakini akiingia mpiga saksafoni, mzee wa jazi ambaye mtunzi humwita mjomba bila undugu wowote, huuweka mwiko chini na kumvutia kiti. "Karibu, mjomba. Leo utatuharibia wimbo gani?"

Wimbo wa mtunzi ulio mgumu kuliko zote una ishara moja: akijikuna pua, sote tunanyamaza na mjomba anapiga peke yake lolote limjialo; mtunzi akijikuna tena, tunarudi. Juzi ukumbini, tukiwa ndani ya kishindo alichokihangaikia miezi mizima, inzi alitua puani pake, naye akamfukuza kwa kidole. Tukanyamaza kama maji mtungini. Mjomba alikuwa akifuta miwani. Akaiweka mapajani, akashika saksafoni, akaanza polepole, kama anayejibu swali ambalo hakulitarajia. Mimi na gita langu la besi tulijua leo tumekwisha. Mtunzi akasikiliza, akatabasamu, akaketi ukingoni mwa jukwaa. Inzi akarudi palepale puani, akawa anatembea kwa raha zake. Mtunzi akaikalia mikono yake yote miwili.