Ndoo Yangu Ilikuwa na Maji

Sasa hivi binti yangu wa miaka mitatu ametoa utepe wangu mwekundu sandukuni, akaubandika kifuani, akaanza kuwanywesha kuku kwa kikombe cha bati. "Kunywa, pole, kunywa," anawaambia. Nimecheka, halafu machozi yakanitoka.

Mhariri, tafadhali ficha jina langu. Nina miaka ishirini na mbili, nimesoma mpaka darasa la tatu, na tunaishi shamba la mzungu karibu na Njoro, tunachuma maua ya pareto. Mwaka jana michezo mikubwa ilipofanyika Nakuru, walitaka akina mama wa kusaidia bila malipo. Mwalimu aliyekuwa akituandikisha akatuuliza kwa nini tunataka. Wote tukajibu, "Kwa moyo tu." Uongo! Mmoja alifuata chai na mkate, mwingine alitaka kupumzika kuchuma pareto. Mimi nilitaka utepe wa wasaidizi, mama mkwe anione ndani ya kamba inayozuia watazamaji, yeye anayeniita "huyo wa maua."

Nilipewa ndoo ya maji pale wakimbiaji wa mbio ndefu wanapoingia uwanjani. Mara tukasikia bibi wa mkubwa wa wilaya anasalimia wenye utepe. Nikasukuma ndoo chini ya meza, nikakimbilia mstari. Akanishika mkono, mama mkwe akiona. Nilijisikia mtu kweli.

Nilipogeuka, jirani yetu, nimwite Kipkoech, alikuwa ameshapita akiwa wa pili, ametafuta maji, hakuona mtu. Akaanguka hatua chache kabla ya kumaliza. Wawili wa kwanza ndio walioenda kushindana Nairobi. Jioni akaniuliza kwa upole, "Shemeji, kwani maji yalikwisha?"

"Yalikwisha," nikamjibu. Ndoo ilikuwa nusu.

"Basi si makosa yako."

Michezo inarudi mwezi ujao. Kipkoech anakimbia kila asubuhi, na ni yeye mwenyewe aliyenipendekeza niwe mkubwa wa akina mama wa maji. "Huyu ana moyo," aliwaambia. Leo anakuja na mwalimu kuchukua jibu langu. Safari hii nataka kweli, hata bila utepe. Lakini nikikubali kimya, namdanganya mara ya pili. Nikisema, huenda asinisalimie tena, na mama mkwe apate la kunicheka. Ndugu zangu mnaosoma, ingekuwa ninyi mngefanyaje? Nikatae tu, ama

Wamefika. Namsikia mlangoni: "Shemeji, toka basi, ama unatuficha chai?" Nitamwambia sasa hivi, kabla hajaketi, kwamba ile ndoo