Pumzi ya Mama Mkwe

Nilimpokonya mama mkwe wangu sauti moja ya wimbo, na mpaka leo sijatubu sawasawa.

Mama ni muuguzi mstaafu. Kwenye kwaya ya usharika wetu hapa Iringa, yeye ndiye aliyekuwa akishika ile sauti ndefu ya mwisho, wengine wote tukiwa kimya. Miaka saba nimekaa kwake kama mkwe, na kwa maneno yake ugali wangu ni mwepesi, chai yangu maji matupu, kufua kwangu kulowesha tu. Nilitaka kumshinda kwa kitu kimoja, mbele za watu, na mashindano ya kwaya ya Mbeya yalikuwa yamekaribia.

Mwalimu wetu wa kwaya humchagua mshika sauti kwa njia yake. Mnasimama, mnavuta pumzi na kuizuia, mnanyoosha mkono wa kulia juu. Ukipumua, unashusha. Wa mwisho ndiye.

Nilikuwa nimesikia kwamba ukihema haraka haraka kwanza, pumzi inakaa zaidi. Basi nikajificha nyuma ya kabati la vitabu vya nyimbo, nikahema kama mbwa aliyetoka kuwinda, mpaka vidole vikafa ganzi. Nikarudi mstarini mpole kabisa.

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Tukabaki mimi na Mama, tunatazamana. Ajabu, sikuhisi shida yoyote. Kifua kimetulia, hamu ya kupumua sina. Nikamkonyeza. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, kichwa mapajani kwake, napumua vizuri tu.

"Ulihema kwanza, eti?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Mjinga wewe. Kinachousukuma ubongo ukulazimishe kupumua ni hewa chafu inayojaa kwenye damu. Wewe umeitoa yote, kengele haikulia. Oksijeni imekwisha bila habari. Shingoni kuna vipimo vidogo vya kuuarifu ubongo, lakini peke yao havikufua dafu. Ukazimika, ndipo ubongo ukapumua wenyewe, bila kukuomba ruhusa. Ungekuwa mtoni, tungekuzika."

"Nani kashinda?" niliuliza.

Mwalimu akakohoa. Mama ndiye aliyeshusha mkono kwanza. Aliniona nayumba, akaachia pumzi, akanidaka kichwa kabla hakijagonga benchi. Mkono wangu, kwa ushahidi wa waimbaji wote wa sauti ya tatu, ulikuwa bado juu wakati naanguka.

Muungwana angeukataa ushindi huo. Mimi nilikubali, tena upesi.

Mbeya, ukumbi umejaa, zamu yangu ikafika. Niliishika ile sauti vizuri, kisha kifua kikaanza kuwaka. Safari hii sikuwa nimehema, na kengele ililia kwelikweli. Nikakata katikati, aibu imenijaa hadi masikioni. Lakini sauti haikukatika. Mama, nyuma yangu, alikuwa ameshaipokea, laini, akaibeba mpaka mwisho, na ukumbini hakuna aliyejua.

Makofi yakaja kwangu. Watu wakayasifu mapafu yangu, na mimi machozi yananilenga. Nikageuka niwaonyeshe mwenyewe ni nani. Akanikonyeza, mkono wake wa kulia umenyooka juu.