Mfupa Chini ya Migomba

Mwezi uliopita nilifika nyumbani, upande wa Magwagwa, nikakuta ndugu yangu amefyeka migomba yote nyuma ya jiko. Anajenga nyumba ya mawe, eti wajukuu wakija kutoka Nairobi wasilale kama tulivyolala sisi. Vijana walikuwa wameshachimba msingi, shimo linawafika magotini. Haki ya Mungu, nilikaa juu ya gunia la saruji, harufu ya udongo ule mbichi ikanirudisha utotoni.

Ndugu yangu huyo alikuwa mchanga miaka ile ya kwanza ya Uhuru. Alipewa jina la baba mkubwa, kifungua mimba wa nyanya, aliyekwenda vita vya Wazungu asirudi. Haukurudi hata mfupa wake. Kwetu mtoto hurithi jina la marehemu, lakini marehemu huyu hakuwa na kaburi, na mtoto alilia. Alilia tukipepeta wimbi, alilia tukila ugali na mboga ya chinsaga, alilia mpaka akakonda tukaanza kumhofia. Nyanya alikuwa na neno lake: "Asiyezikwa haachi kubisha hodi."

Ndipo padri akatuletea kisanduku cha shaba chenye kioo. Ndani mlikuwa na kipande cha mfupa wa mtakatifu, kidogo kuliko punje ya mahindi, nacho kingekaa kanisani kwetu wiki nzima. Tulipanga foleni kukibusu, katekista akipangusa kioo kwa kitambaa cheupe kila mtu akishaondoa mdomo. Mama alimgusisha mtoto kwenye kioo, akamrudisha mgongoni akilia vilevile. Zamu ya nyanya ilipofika, badala ya kubusu aliuliza kwa Kikisii, kwa sauti iliyofika mlangoni:

"Nani alimjua huyu, hata akaujua mfupa wake?"

Katekista akamwambia imani haina maswali.

"Basi hamjui ni wa nani," nyanya akasema. Akainama, akabusu kioo, akaita jina. Halikuwa la mtakatifu. Lilikuwa la mwanawe. Jamani, pale pale mtoto mgongoni mwa mama alinyamaza.

Jumapili kisanduku kilikutwa kitupu. Padri alihubiri laana, kisha akapita nyumba kwa nyumba akiuliza. Alipofika kwetu nyanya alimkaribisha uji wa wimbi, kichwa chake kimenyolewa kipara. Kwetu mama hunyoa hivyo akishamzika mwanawe. Padri hakuelewa. Majirani waliokuwepo walielewa, wakanywa uji wao bila kumtazama nyanya usoni. Mimi nilikuwa nimeshaona udongo mpya chini ya migomba, nikafunga mdomo kama wote.

Mtoto alinenepa. Lakini hatukuruhusiwa tena kucheza pale nyuma ya jiko, na ndizi za migomba ile hazikuliwa na mtu. Ziliiva, zikaoza, zikaanguka zenyewe. Hata ndege sikumbuki kuwaona.

Leo nyanya hayupo, katekista hayupo, kanisa letu la mabati limevunjwa, na watoto wetu hawaulizi majina waliyobeba yalikuwa ya nani. Nayakumbuka yale maisha kwa uchungu, na kwa hofu pia, sitaficha. Nilimsimulia ndugu yangu yote pale kwenye gunia. Akacheka, jitu zima lenye mvi.

"Dada, mfupa wenyewe ulikuwa wa nani? Pengine hata wa mbuzi!"

Nikamwambia simjui. Nyanya hakumjua, na padri pia sidhani alimjua. "Ila yeyote aliyelala pale alizikwa kwa jina moja tu, nalo ni lako."

Kicheko kilimkauka. Akasogea ukingoni mwa shimo, akawaamuru vijana watoke haraka. Mmoja alikuwa bado ameinama, anafuta kitu kidogo cheupe kwa kidole gumba.

"Mzee," akauliza, "hiki nikitupe wapi?"