Fundi Safina na Wiki ya Mbalamwezi Kibirizi

Saa mbili asubuhi, mwalo wa Kibirizi, kando ya ziwa. Mitumbwi imelala mchangani, nyavu zinashonwa. Ni siku za mbalamwezi. Mwezi uking'aa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wako nchi kavu. Safina Haruna, fundi wa taa za sola, ndiyo kwanza anaanza kazi.

"Fundi, wiki iliyopita taa yako ilivuta mbu watupu," mvuvi Castory anamtania akimkabidhi taa. "Dagaa wamekataa mwaliko."

"Umeitundika juu kama bendera. Ulitaka wapande mti?"

Watu wanacheka. Safina anaanza kuuliza: maji yalikuwa na tope? Mwanga ulifika chini kiasi gani?

Taa hizi zilizaliwa kwa maswali kama hayo. Kampuni ndogo ya mtaa wa Buzebazeba anayofanyia kazi Safina, iliyoanzishwa na wahitimu wa fizikia, ilitumia kila mbalamwezi kuwasikiliza wavuvi na kujaribu taa mpya.

Miaka miwili iliyopita ilinunuliwa na kampuni ya nje.

"Mshahara hauchelewi, betri ni imara. Siwezi kuwasema vibaya," anasema Safina, mama wa watoto wawili.

Lakini ubunifu ulihamia makao makuu, ng'ambo. Wenye kampuni waliona wiki ya mbalamwezi haina mauzo, wakaagiza karakana ya kubuni na kujaribu taa ifungwe siku hizo.

"Walidhani tumekaa bure. Kumbe ndiyo wiki tuliyokuwa tunafikiri."

Taa zilizofuata zilikuja kutoka ng'ambo zimezibwa. Zikiingia maji, hazifunguki ili zitengenezwe. Baadhi ya wavuvi wakaziacha.

Safina hakugombana na mtu. Alimwomba meneja wake, Thobias, ashinde naye mwaloni siku moja ya mbalamwezi. Thobias alikuja, akakalia ndoo, akasikiliza malalamiko mpaka adhuhuri, kisha akawaandikia wakubwa wake.

Mwezi huu wamekubali karakana ifunguliwe kwa majaribio. Taa mpya anayounda Safina ikifaa ziwani, wiki ya mbalamwezi inarudi kila mwezi. Isipofaa, karakana inageuzwa stoo.

"Naogopa kidogo," anasema akikaza skrubu. "Ila nimefurahi. Mikono yangu ilikuwa imechoka kubandika lebo tu kwenye taa za wengine."

Giza likirudi wiki ijayo, Castory ataingia na taa hiyo ziwani. Safina ameshaomba meza ya pili karakanani, ya Honorata, msichana wa mtaa wa Mwanga aliyemaliza ufundi umeme mwaka jana.

"Taa hii nimeifikiria mimi," anasema. "Inayofuata ataifikiria yeye, na mimi nitamshikia bisibisi."