Yaliyosemwa Maiki Ilipozimwa

Alisema kwa mikono kabla hajasema kwa mdomo. Baba yake alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, mama yake vivyo hivyo, na yeye, mtoto wao wa pekee, akatoka na masikio mazima. Majirani walimwonea huruma: mtoto huyu atajifunzia wapi kuongea? Hawakujua kwamba akiwa na miaka miwili alikuwa tayari anagombana na mama yake kwa vidole, na kwamba ugomvi ukimshinda alifumba macho, maana katika nyumba ile ukifumba macho umeziba masikio.

Mama alipofariki walibaki wawili, yeye na baba, kwenye chumba cha nyuma ya duka la cherehani. Baba alikuwa fundi wa suti, na mtoto ndiye aliyekuwa mdomo wa duka. Siku moja, mtoto akiwa na miaka tisa, mteja alikuja kuchukua koti akakuta mkono mmoja umepita mwenzake. Akamwaga matusi. Mtoto akaona haya, akamtafsiria baba: "Anasema koti ni zuri, ila mkono upunguzwe kidogo." Baba alimtazama yule mteja, akaiona mishipa ya shingo ilivyosimama, kisha akamgeukia binti yake.

"Mtu anayesifia koti hatemi mate hivyo," alimwambia kwa mikono. "Usinichagulie cha kusikia. Ukinichagulia, umenifanya mimi mtoto na wewe mzazi. Nipe yote, mimi nitajua cha kufanya."

Alikua na maneno hayo. Akawa mkalimani wa lugha ya alama, na kwa miaka kumi na mmoja alitafsiri vikao vya baraza la mji. Vikao vilikuwa kila Alhamisi mchana na vilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni ya mji. Yeye alisimama kushoto kwa jukwaa, juu ya kisanduku cha mbao kilichofunikwa zulia kwa sababu alikuwa mfupi, akionekana ndani ya kidirisha kwenye kona ya skrini. Mji mzima ulimwita Mkalimani, mpaka watoto wa mtaani kwake. Viziwi, kwa upande wao, walimpa kila diwani jina la alama. Mama mmoja aliyestaafu unesi, ambaye wengi walimwita Nesi, alikuwa vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, kama anayepima mapigo ya moyo. Meya alikuwa mtu anayenyoosha tai, kwa kuwa aliinyoosha kila alipotaka kusema, hata kama ilikuwa imenyooka.

Meya hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na kila alichobadilisha alikibadilisha kwa adabu. Mwaka wa kwanza alipunguza kipindi cha maswali kutoka saa nzima hadi nusu saa, ili waheshimiwa wawahi nyumbani. Mwaka wa pili maswali yakatakiwa kuandikwa na kufikishwa kwake wiki moja kabla, ili majibu yaandaliwe vizuri. Mwaka wa tatu kumbukumbu za vikao zikafupishwa, hata mabishano ya saa mbili yakageuka mstari mmoja: "Wajumbe waliridhia." Yote hayo yalipita mikononi mwa Mkalimani, na kila mara aliona ni jambo dogo. Nani agombane na mkubwa kwa ajili ya nusu saa?

Mwaka wa tano, wa mwisho wa muhula, ikaja swichi. Ilifungwa kwenye meza ya Meya, na kazi yake ilikuwa kuzima maiki ya diwani yeyote, kwa ajili ya utulivu. Haikupita wiki mbili, Meya akaleta hoja: uchaguzi wa mji uliokuwa ufanyike mwezi wa nane uahirishwe kwa miaka miwili, ili daftari la wapiga kura lihakikiwe, na waliopo madarakani waendelee. Kura ingepigwa baada ya mwezi mmoja.

Nesi aliinuka. "Kanuni inasema miaka mitano, Mheshimiwa. Haisemi mitano na nyongeza. Na hilo daftari..."

Taa ya maiki yake ikazimika. Majumbani sauti ikakatika, watu wakabaki kumtazama mama anayechezesha midomo. Lakini Nesi aliita wagonjwa kwenye korido kwa miaka thelathini, na kifua alikuwa nacho. Aliendelea. Mkalimani alikuwa hatua sita kutoka kwake, alimsikia vizuri kabisa, na mikono yake nayo ikaendelea. Baadaye watu walimsifu kwa ujasiri, naye hakuipokea sifa hiyo. Hakuwaza lolote. Mtu alikuwa anaongea, basi.

Nesi aliongea kwa dakika nne. Alisema daftari lilihakikiwa mwaka jana, na ripoti ilisainiwa na Meya mwenyewe. Alisema hoja kama hiyo haipiti bila theluthi mbili ya kura, tena mbele ya wananchi. Alisema madiwani watatu wameitwa mmoja mmoja wakaulizwa, kwa upole, ndugu zao wanafanya kazi wapi.

Kesho yake asubuhi mwenye bucha wa jirani aliingia dukani kwa baba kufuata suruali. Aligonga meza, akaonyesha televisheni, akaonyesha midomo yake, akafungua viganja kuuliza. Baba akachukua chaki ya kukatia nguo, akatandaza kitambaa cheusi mezani, akaandika. Mwenye bucha alisoma, akarudia, akasahau suruali. Saa sita mchana walikuwa watu tisa wakizunguka kile kitambaa. Wiki iliyofuata Meya alizima maiki mara tatu, na Ijumaa hiyo kila kiziwi mjini alikuwa na foleni yake: dobi, fundi saa, mama anayesuka vikapu. Watu waliokuwa wakipita bila hata kusalimia sasa walisubiri zamu na karatasi mkononi.

"Nimeishi miaka sabini kuyaona haya," baba alimwambia binti yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Wenye masikio wanakuja kwangu kuazima."

Haikuchukua muda, Katibu wa baraza akamwita Mkalimani ofisini. Alikuwa mtu wa kanuni, mwenye kitabu cha kanuni kilichochakaa pembe, na siku hiyo alikwepa kumtazama machoni.

"Dada, keti. Hili si jambo kubwa. Kisichopita kwenye maiki si sehemu ya kikao. Wewe unatafsiri kikao." Akasogeza barua. "Unasaini tu hapa, kwamba maiki ikizimwa na wewe unapumzika."

"Nitapumzika vipi wakati namsikia?"

"Unashusha mikono."

Aliomba aende nayo nyumbani. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na aliujua mji: akiondoka pale hakuna ofisi nyingine inayotaka mkalimani. Jioni alimweleza baba bila kumficha kitu, akamwambia kwamba huenda akasaini, mpaka upepo huu upite. Alitegemea baba angekasirika. Baba alikunja kitambaa alichokuwa akishona, akakiweka pembeni.

"Ukisaini sitakulaumu," alisema. "Ila uniambie siku hiyo. Nataka nijue ninachotazama."

Maneno hayo yalimkaa kifuani kuliko karipio. Asubuhi alirudi kwa Katibu akiwa na karatasi yake mwenyewe, yenye mistari miwili. Atashusha mikono maiki ikizimwa, ila kwanza atawaambia watazamaji: diwani bado anaongea, nami nimezuiwa kumtafsiri. Katibu alisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hilo hawatalikubali, dada."

"Basi na mimi lako siliwezi, kaka yangu. Nisamehe."

Barua ya kumpumzisha ilimfikia mchana ule ule. Njiani kurudi nyumbani alikaa kwenye ngazi za posta, akalia kidogo, akajifuta, akasimama.

Alhamisi iliyofuata palikuwa na kijana mpya kwenye kidirisha, suti safi, vidole vyepesi. Viziwi wapatao kumi walikuwa wamejaa dukani kwa baba kumtazama. Meya alikuwa anazungumzia umoja na maendeleo. Kijana, ambaye alijua alama kama thelathini hivi na kuzirudia kwa kujiamini, akawaambia kwamba Meya anaosha daraja na kuku, Jumatatu, asante sana. Duka zima lilivunjika mbavu. Mama wa vikapu alilazimika kushikilia cherehani asianguke. Kisha kicheko kikaisha, mmoja baada ya mwingine, wakabaki wanaangalia skrini ambayo haikuwaambia kitu.

Fundi saa ndiye aliyeanza. "Ukumbi una mabenchi ya wananchi," alisema kwa mikono. "Kuna aliyewahi kukaa?"

Hakuna aliyewahi. Tangu televisheni ianze kurusha vikao, mabenchi yale yalikuwa yakikusanya vumbi. Lakini kanuni iliyabakiza: mkazi yeyote aweza kuhudhuria, mradi akae kimya.

Siku ya kura walifika viziwi thelathini na wanne, wamevaa kama wanaokwenda kupokea mtu wa heshima. Nyuma yao walikuja wale waliokuwa wakipanga foleni: mwenye bucha, muuza vitabu, walimu wawili, wauguzi waliotoka zamu. Mabenchi yalijaa, wengine wakasimama ukutani. Mkalimani alikaa benchi la mbele kabisa, raia kama raia wengine.

Nesi alipopewa nafasi alifika sentensi ya pili, taa ikazimika. Mkalimani akasimama. Aliwageukia watu wake, akalipa jukwaa mgongo, akaanza kutafsiri.

"Yule aliyesimama anyamaze," Meya alisema, akinyoosha tai.

Katibu alikifungua kitabu chake, ingawa hakuhitaji; ile kanuni aliijua kwa moyo.

"Mheshimiwa," alisema taratibu, "hajasema neno."

Diwani mmoja mzee, aliyekuwa hajafungua mdomo mwaka mzima, alicheka puani. Akajaribu kujizuia, ikamtoka zaidi. Cheko likaenda benchi kwa benchi, la wenye kusikia na la wasiosikia, na Meya akabaki kidole juu ya swichi isiyokuwa na cha kuzima. Mkalimani alikuwa amelipa jukwaa mgongo, hakuona uso wake. Aliona tu nyuso za watu wake, na zilimtosha. Nesi alimaliza aliyotaka kusema.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mkono. Madiwani walikuwa ishirini na wanne, na hoja ilihitaji kumi na sita. Waliokubali walikuwa kumi na watatu. Yule mzee aliyecheka aliuweka mkono wake mezani na kuukandamiza kwa mkono mwingine, akiwaangalia wananchi.

Uchaguzi ukafanyika mwezi wa nane. Meya aligombea, akashindwa kwa kura chache, akaondoka kwa adabu ile ile aliyokuja nayo. Meya mpya alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mwema, ila wiki ya tatu tu alionekana akiichungulia swichi Nesi alipomzidi maneno. Benchi la mbele, ambalo viziwi hawakuliacha tena, lilimwona. Waliandika barua, ikajadiliwa vikao vitatu, na mwishowe fundi mitambo akaja na bisibisi akaing'oa swichi. Maswali yakarudi saa nzima. Mkalimani naye aliitwa kazini kwa barua fupi ya Katibu isiyoomba radhi; chini yake, kwa mwandiko wa mkono, palikuwa na maneno mawili: "Karibu tena."

Jumamosi asubuhi sasa kuna darasa dukani kwa baba. Wanafunzi wa kwanza walikuwa saba, wote wenye masikio. Mwenye bucha ndiye mzito kuliko wote, vidole vyake vimezoea panga. Siku ya kwanza Mkalimani alimuuliza angependa kuanza na neno gani, akidhani atataka salamu.

"Nifundishe kusema, 'Sijaelewa, rudia,'" alijibu. "Hilo ndilo nilikosa muda wote."

Akamwonyesha. Alikosea mara nne. Mara ya tano baba, aliyekuwa akimtazama kutoka kwenye cherehani, alitikisa kichwa kukubali, akamrudishia kwa mikono, polepole kama anayempimia mtu koti: "Sawa. Narudia."