Uzito wa Musyoka

Barua ilifika Tulia siku ya soko, mwaka wa 1936, miezi minne baada ya ndege ndogo kutua kwenye malisho yaliyo nyuma ya boma la Ndila. Ndege ile ilikuwa imeishiwa mafuta. Rubani, Mzungu kijana aliyeungua pua kwa jua, alikaa chini ya bawa akinywa uji wa Ndila, huku mwanawe Ndila, Ndolo, akienda Kabati kwa miguu na kurudi na madebe mawili ya petroli yakining'inia kwenye mti begani. Kesho yake vijana walikata vichaka, ndege ikapata njia ya kukimbilia, ikaondoka. Watu wakadhani habari imeishia hapo.

Aliyeisoma barua ni Nzomo, mwalimu wa kanisa, ambaye Kiingereza chake kilitosha kama kingesomwa polepole. Kampuni ya ndege ilimshukuru Ndolo. Kwa kuwa alimwambia rubani kwamba ana ndugu Lamu, walimpa nafasi moja katika ndege ambayo ingepeleka dawa na barua huko mwezi wa tisa. Angeondoka Nairobi Jumanne na kurudi Alhamisi. Hakutakiwa kulipa chochote.

Shida ni kwamba Ndolo hakuwa na hakika kama ana ndugu Lamu. Hakuwa na hakika kama ana ndugu.

Musyoka, kifungua mimba wa Ndila, alichukuliwa mwaka wa 1917 kwenda kubeba mizigo ya vita. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, hajaoa. Ndolo alikuwa mtoto wa miaka minane, na alichokumbuka juu ya kaka yake ni mgongo tu, kwa sababu alibebwa sana. Vita vilikwisha, baadhi ya wapagazi wakarudi, habari za wengine zikaletwa. Habari ya Musyoka haikuja, si ya uhai wala ya kifo.

Ndila alikuwa mfinyanzi. Kwa miaka kumi na tisa alichimba udongo, akauponda, akafinyanga vyungu na kuvipeleka soko la Kabati, na kila alipoulizwa ana watoto wangapi alibadilisha maneno. Watu walidhani anafuata desturi ya kutohesabu watoto. Kumbe hakujua jibu.

Mulei, ndugu wa marehemu mumewe, alijua jibu, na hakuwa mtu mbaya. Alisema kijana aliyekufa kabla ya kuoa lazima aozwe mke kwa jina lake, ili watoto watakaozaliwa waitwe wake na jina lisipotee. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mbuzi wapo, msichana ameonekana kule Migwani, wazazi wake wamekubali. Lililobaki ni Ndila kusema ndiyo. Na Ndila hakuweza kusema ndiyo, maana kusema ndiyo ni kumzika. Lakini asiposema, na Musyoka awe kweli amekufa, basi yeye mama yake ndiye anayemnyima watoto. Alilifikiria jambo hili hadi likamchosha, akarudi kwenye udongo wake.

Habari ya Lamu ililetwa na Muktar, Msomali mwenye duka la ngozi na nta hapo Kabati. Jamaa zake wanaouza ng'ombe kutoka upande wa Garissa walikuwa wamemwona Lamu mtu mwenye meno yaliyochongwa, anayebebesha punda mawe ya kujengea. Walimjua ni mtu wa Ukambani kwa sababu alikuwa akimtukana punda kwa Kikamba.

Mulei alisema meno ya kuchongwa hata yeye anayo.

"Lakini wewe hujawahi kuonekana Lamu, mzee," Muktar akamjibu. "Na mtu akikasirika hutukana kwa lugha ya mama yake. Mimi nimekaa hapa miaka kumi, punda wangu bado anasikia Kisomali tu."

Kwa hiyo barua ya kampuni ilipofika, ilimkuta Ndila mahali pabaya, katikati. Alimwomba Mulei asubiri hadi Ndolo aende akaone. Mulei akakubali, ila si zaidi ya mwezi wa tisa, maana mbuzi nao huzeeka.

Wakaanza kupanga safari, na kila walipopanga mambo yalizidi kuvurugika. Nzomo alichora chini kwa kijiti: Nairobi huku jua linakozama, Lamu kule linakochomoza, Tulia katikati. Ndila alikitazama kijiti kwa muda. Akauliza kwa nini mwanawe apande lori siku nzima kwenda Nairobi, halafu arushwe kurudi juu ya paa la nyumba yake mwenyewe. Kwa nini ndege isishuke imchukue, nayo mahali penyewe imeshapajua? Nzomo alifikiri sana, kisha akasema jambo hilo halimo kwenye barua.

Halikuwemo pia jambo la jinsi mtu anavyofanya haja akiwa angani, wala kama asali atakayompelekea ndugu yake humwagika juu kule, wala Lamu yenyewe ni mji wa namna gani. Muktar alisema ni mji mdogo wa zamani sana, nyumba za mawe zimebanana hata punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Ndolo aliposikia hivyo alipata wasiwasi mpya. Katika mji wa namna hiyo, siku mbili zingetosha kumpata mtu ambaye unajua mgongo wake tu?

Jambo lililowachanganya zaidi liliulizwa na Ndila. Kama Musyoka yupo, na nafasi ya kurudi ni moja, Musyoka atakaa wapi?

Walikaa na swali hilo siku tatu. Ndipo Ndolo akaja na wazo lake. Yeye angekwenda kwa ndege, kisha Musyoka arudi katika nafasi hiyo hiyo, na yeye Ndolo arudi kwa miguu na wauza ng'ombe, hadi Garissa na kuendelea. Muktar alisema inawezekana, ila ni wiki nyingi na simba wapo. Ndila hakulipenda wazo lile. Lilikuwa kama kuweka mtoto mmoja pwani ili apewe mwingine. Lakini magoti yake yalikuwa yameanza kukataa kilima cha udongo, na alijua kwamba mtu wa kurudi kwa miguu huchelewa, na kwamba wanaochelewa pwani wakati mwingine huchelewa miaka kumi na tisa. Akamruhusu Nzomo aandike.

Kampuni ilijibu upesi. Nafasi ya kurudi yaweza kutumiwa na mtu mwingine. Ila ndege ni ndogo, na siku ya kurudi itabeba masanduku, kwa hiyo lazima wajue mapema jina la msafiri huyo na uzito wake kwa ratili. Karatasi ya kujaza ilikuwa imefungwa pamoja na barua.

Uzito wa Ndolo haukuwa taabu. Walikwenda Kabati, Muktar akamfunga ukanda wa ngozi chini ya makwapa na kumning'iniza kwenye mizani ya ndoano anayopimia ngozi za ng'ombe. Ratili mia moja thelathini na moja. Wazee wawili waliokuwa wakinunua chumvi waliondoka dukani, maana hawakutaka kuona mtu hai anapimwa.

Nzomo akaandika. Kisha akahamisha kalamu hadi mstari wa pili, akaandika Musyoka, akasimama.

"Ratili ngapi?" akauliza.

Ndolo alimtazama mama yake. Muktar alitazama mizani kana kwamba ingesema.

Ndila alisema kwamba kijana yule alikuwa mwembamba lakini si sana. Alipombeba mara ya mwisho alikuwa na miaka mitatu. Akasema wangoje, akatoka nje kwenye soko.

Ilikuwa siku yenye watu. Ndila alipita kati yao polepole, akiwatazama wanaume mabegani na shingoni kama anavyotazama vyungu vya wenzake. Alimsimamisha kijana mmoja mwenye kunde, akamshika bega, akamgeuza, akamwita aje dukani. Kijana alikuja kwa heshima, bila kuelewa. Alikuwa na miaka ishirini.

Ndolo akamwambia mama yake kwa upole, "Mwaitu, huyu si yeye. Musyoka ana karibu miaka arobaini sasa."

Mama alimtazama kijana, halafu akamtazama Ndolo, na kwa muda ilionekana hajui yuko wapi. Alikuwa amemtafuta mtu aliyeondoka. Hakuwahi kumtazama aliyezeeka, hata mara moja. Hakujua ana mvi au hana, ana tumbo au hana, kama wanaobebesha punda mawe hunenepa au hukauka. Alimwachia kijana bega, akamwomba radhi, akatoka tena.

Safari hii alikawia. Alimjaribu mchinjaji, akamwacha. Alimtazama kinyozi, ambaye kimo chake kilikuwa chenyewe lakini shingo si yenyewe. Mwishowe alimleta Mwangangi, mtengeneza majembe, mwanamume wa miaka arobaini hivi aliyejulikana kwa maneno yake. Habari zilikuwa zimeshaenea na nusu ya soko ilimfuata.

"Muktar, leo ratili ya Mwangangi ni senti ngapi?" mmoja akauliza mlangoni.

"Sinunui," Muktar akasema. "Ngozi ina makovu, na ndani ni domo tupu."

Mwangangi alicheka pamoja nao na kuinua mikono ili afungwe ukanda. Ila alipokwisha kuning'inia, miguu ikiwa juu ya sakafu, alimwona Ndila akimtazama, akanyamaza. Sindano ya mizani ilitikisika, ikatulia penye mia moja arobaini na mbili.

Hapo Mulei aliingia. Alikuwa ameitwa na mtu. Alimtazama Mwangangi pale kwenye ndoano, akaitazama karatasi, akaelewa. Hakupandisha sauti. Alisema tangu zamani hajasikia marehemu akipimwa. Alisema kuandika uzito wa mtu ni kusema kwamba mtu huyo yuko, na kwamba kama Ndila ataandikisha hapo mbele ya soko zima, yeye hataweza kuwaambia watu wa Migwani maneno mengine. Msichana ataolewa kwingine. Na ikiwa Ndolo atamkuta Lamu mtu mwingine anayetukana punda, jina la Musyoka litakuwa limeishia hapo dukani.

"Nakuuliza mbele ya hawa, shemeji," akasema. "Tumwoze au umwandike?"

Mwangangi aliomba ateremshwe. Muktar akamteremsha.

Nzomo alikuwa na kalamu juu ya karatasi na wino ulikuwa unakauka. Alimwambia Ndila kwa sauti ya chini kwamba anaweza kurudi kesho, kampuni haisemi lazima iwe leo. Ndila alitikisa kichwa. Alikuwa na sura ya mtu anayesikiliza watu wawili wakizungumza kwa wakati mmoja. Aliketi juu ya gunia la chumvi, akakunja kanga yake, akaikunjua.

"Arobaini na mbili ni huyu," akasema. "Huyu hula ugali na maneno. Kule pwani wanakula wali na samaki. Andika hamsini."

"Mia moja na hamsini?"

"Mia moja na hamsini."

Nzomo akaandika. Mulei alisimama kidogo, akitazama kalamu inavyokwenda.

"Na mke?" akauliza.

"Ataoa mwenyewe," Ndila akasema.

Mulei alichukua fimbo yake akatoka, na waliokuwa mlangoni walimpisha.

Jioni, Ndolo na mama yake walirudi Tulia. Walipokaribia mto Ndila alisimama ghafla. Alitaka kujua kama ni kweli karatasi ile haifutiki. Ndolo akasema haifutiki. Basi itakuwaje, akauliza, ikiwa amekosea, na Musyoka akifika kwenye ndege aonekane ana ratili mia moja na sabini, au mia moja na themanini? Watamkataa?

Barua haikusema. Lakini mama alikuwa amesimama mchangani akingoja jibu, kwa hiyo Ndolo alisema kwamba labda itabidi waache sanduku moja huko Lamu.

"Basi waliache," Ndila akasema, akavuka mto.