Bi Tabaka na Ukumbi Uliohama

Saa mbili asubuhi, mlango wa chuma haujafunguka hata nusu, shangazi wa bibi harusi anapita chini yake akiwa ameinama, kadi ya mwaliko mkononi.

"Mwanangu, niokoe! Ukumbi umebadilika na harusi ni Jumamosi."

Leo Jumatano. Saa sita wakwe wanakuja kuchukua kadi mia na hamsini. Ukumbi ule ulioshindikana aliuchagua shangazi mwenyewe, kwa kujigamba. "Wakiiona kadi hii nitasemwa mpaka mjukuu aote meno."

Mbunifu wa duka hili la uchapaji, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Tabaka, anavuta kiti. Wateja wawili wa fotokopi, walioingia nyuma ya shangazi, wanavuta vyao. Hapa hakuna siri.

Anafungua faili. Kadi ni moja, lakini pembeni mwa skrini kuna orodha: maua peke yake, majina peke yake, ukumbi peke yake. Anabofya kijialama cha jicho. Ukumbi unatoweka, maua yametulia palepale.

"Hizi ndizo tabaka. Chukulia ni plastiki angavu zimepangwa moja juu ya nyingine," anaeleza. "Unachomoa unayotaka. Ile picha mnayorushiana kwenye simu, plastiki zake zimeshagandishwa kwa gundi. Ukivuta ua, na bibi harusi anakuja!"

Aliyajua haya kwa machozi. Miaka sita iliyopita, katika duka jingine, alitengeneza kalenda ya shule, akaunganisha tabaka zote ili faili liwe jepesi, akahifadhi hivyohivyo. Mwalimu mkuu akahamishwa. Kubadilisha jina moja kukachukua siku tatu za kuchora upya, na tajiri mwenye duka akamwambia asirudi.

"Nililia kibarazani. Fundi viatu wa pale akanipa kigoda chake, akasema, 'Lia, dada, ila usinilowanishie ngozi.'"

Tangu siku hiyo kila kazi anaihifadhi mara mbili: picha ya kumpa mteja, na faili la tabaka linalobaki kwake.

Jina la ukumbi mpya ni refu, linapanda juu ya maua. Shangazi anashika kichwa. Bi Tabaka anasogeza maua kidogo, basi. Dakika kumi na mbili kwa jumla.

"Sasa ule wa zamani ufute kabisa!"

"Siufuti, shangazi. Nimeuzima tu."

"Uzime vizuri!"

Saa sita kaka wa bwana harusi anafika, anasoma kadi, anakunja uso. "Si tulisikia ukumbi mwingine?"

"Maneno ya watu hayo, baba," shangazi anajibu bila kupepesa. Watu wa fotokopi wanakohoa kwa pamoja.

Shangazi na mkwe wakiondoka, Bi Tabaka anafungua kazi yake mwenyewe: bango la duka lake analotaka kufungua, katika chumba alichopata jirani na yule fundi viatu. Lina kila kitu isipokuwa tarehe ya kufungua. Ipo, ila ameizima tangu alipoiandika.

"Nilikuwa naogopa kuharibu kazi ya mtu tena, safari hii kwa jina langu," anawaambia wale wa fotokopi. "Leo nimebadilisha ukumbi mzima na hakuna kilichoharibika."

Anabofya jicho. Tarehe inatokea: Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao.